Mnaosifia stealth kwenye gemu za kikosi, njooni niwaeleze ilivyoninyima duka

Wakuu, nawasalimu kutoka Palma, huku juu kabisa Msumbiji, ambako kila mtu ana laini mbili, moja ya huku na moja ya kwenu Tanzania.

Kuna uzi humu ndani, jamaa mmoja ameandika kwa kujiamini kabisa kwamba kwenye RPG ya kikosi, yale magemu ya mapanga na majoka ambapo mnatembea watu watatu au wanne pamoja, lazima mmoja wenu ajaziwe pointi za stealth. Bila mtu wa kunyata, anasema, kikosi chenu ni bure.

Watu wakamshangilia. Mmoja akaandika kwamba amejifunza kitu kikubwa maishani.

Nilisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sitii chumvi wala sipunguzi. Asiyeamini apite kimya kimya, maana naona humu wapenzi wa kunyata mko wengi.

Mimi ni fundi simu, nyumbani wananiita Abudo. Miaka ile ya kukimbia vita nilikaa Mtwara, natengeneza simu juu ya kimeza nilichokiegemeza kwenye ukuta wa mtu. Mvua ikinyesha nafunga. Jua likizidi nafunga. Mwenye ukuta akiamka vibaya, nafunga pia.

Tuliporudi Palma, mano Selemane akanichukua dukani kwake. "Mano" huku ni kaka, Kireno hicho, msianze kuniuliza. Selemane ana mlango wa kufunga na kufuli, ana bati juu, ana kabati ya vioo. Kwa mtu aliyetoka kwenye kimeza, ile ni ikulu.

Dukani tulikuwa wanne. Selemane mwenye duka. Mimi. Binamu yangu Amade, mtoto wa mjomba wangu, naye fundi. Na mana Zainabo, dada yake Selemane, ambaye anakaa mbele kupokea wateja.

Nyuma ya pazia kuna meza ya ufundi, na kompyuta kubwa ya Selemane ambayo alisema ni ya kuflashia simu. Simu zilizoflashiwa kwenye kompyuta ile ni chache. Majoka yaliyouawa ni mengi.

Jina la gemu silitaji, msije mkasema nimetumwa.

Alasiri, wateja wakipungua na energia, yaani umeme, ikiwepo, tulikuwa tunakaa pale watatu, kila mmoja na mtu wake, tunacheza zamu kwa zamu. Selemane alikuwa mchawi, anarusha moto na kutibu majeraha. Mimi mbeba ngao, chuma kuanzia utosini hadi kwenye kisigino. Amade alikuwa mwizi. Pointi zake zote, kila alipopanda levo, alizitia kwenye stealth.

Ngoja sasa niwaeleze stealth inavyofanya kazi, maana jamaa wa ule uzi sehemu hii aliiruka.

Mwizi anainama, anakuwa kivuli, adui hawamwoni. Vizuri. Sasa nyuma yake tunakuja nani? Mimi, na machuma yangu yanagongana kama sufuria zinazooshwa. Na mchawi mwenye fimbo inayowaka. Adui hawamwoni Amade, wanatuona sisi. Wanageuka wote, wanatushukia. Amade yuko palepale kivulini, mzima wa afya, anaangalia tunavyopigwa.

Ukimuuliza anasema anasubiri nafasi nzuri. Nafasi nzuri ilikuwa inafika mimi nikiwa nimeshalala chini.

Na ukimtuma mbele peke yake ndiyo mbaya zaidi. Anakwenda vizuri, anapita mlango huu, anapita ule, halafu kete inamkataa mara moja tu, wanamwona. Kikosi kiko mbali. Hapo ndipo unasikia, "Jamani, njooni." Mtu aliyemaliza pointi zake zote ili asionekane, kazi yake kubwa ikawa kutuita.

Hebu fikirini. Kikosi maana yake mnakwenda pamoja. Kunyata maana yake unakwenda peke yako. Jamaa wa ule uzi anaishi na mambo haya mawili kichwani kwake wala hayagombani. Kichwa kina nafasi kile.

Turudi dukani.

Mke wa Selemane ni wa Nampula, na wakwe zake walimpatia chumba cha biashara kulekule. Akaamua kuhama. Siku moja akatuita mimi na Amade nyuma ya pazia.

"Duka la hapa siliuzi," alisema. "Nitamwachia mmoja wenu aliendeshe kama lake."

Nikamuuliza lini atamjua huyo mmoja.

"Tukimaliza gemu hili."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Selemane ana imani yake kwamba kwenye meza ya kazi kila mtu ana adabu, kwa sababu tajiri yupo. Kwenye mchezo mtu anajisahau, unamwona alivyo. Mnaweza kumcheka, mimi nilimcheka moyoni, lakini ndiye mwenye duka.

Basi kuanzia siku ile mimi sikuwa nacheza gemu. Nilikuwa nagombea mlango na kufuli. Nilikuwa natangulia kwenye kila pigo, nagawa dawa zangu, namkinga mchawi hadi ngao inapasuka. Sikutaka kurudi kwenye kimeza, na Selemane alikuwa anatazama.

Sasa hapa lazima niingize jambo la utani, la sivyo hamtaelewa tulivyokuwa wajinga. Watu wa Mtwara na Lindi hamhitaji somo. Wa kwingine, fuateni.

Mtoto wa mjomba ni mtani. Amade anaweza kuchukua kitu changu na mimi siruhusiwi kukasirika. Nikikasirika aibu ni yangu. Ijumaa moja alichukua makubazi yangu mlangoni pa msikiti, akayavaa, akasimama nayo katikati ya watu akisalimia wazee mmoja mmoja, na mimi nipo peku kwenye mchanga wa moto namsubiri amalize. Harusi ya dada yangu alininyang'anya sahani ya pilau mkononi mbele ya wakwe, akala, akasema imepungua chumvi. Watu walivunjika mbavu. Na mimi nilicheka, maana nami namfanyia yangu.

Kwa hiyo tulipogawana watu wa kwenye gemu, nani achukue mwizi? Hatukufikiri hata kidogo. Amade, si ana uzoefu?

Na gemu lile lina kitu kimoja. Kila mtu ana mfuko wake, na mwizi mwenye stealth kubwa anaweza kuwaibia hata wenzake wa kikosi. Haiandikwi popote. Hakuna kengele. Mfuko unapungua tu.

Mnaona tulikoelekea. Kwingine mtu akiwaibia wenzake kwenye gemu wanamtukana, wanamtoa. Sisi tulikuwa tunacheka. Dawa yangu ikipotea, Amade anaegemea kiti, anasema, "Nani hajui dawa zake zilipo?" Viatu vya Selemane vya kukimbilia vikipotea, mwizi anaingia vitani amevivaa, anatuchezea ngoma mbele ya adui. Selemane akijifunga mkanda na kutafuta, Amade anamwambia, "Mano, miguu inakuwashia nini?"

Yeye alikuwa mtani wangu, si wa Selemane, lakini duka dogo, utani ukasambaa.

Katikati ya gemu kuna mfalme anakufa. Anatuachia muhuri wake. Bila muhuri huu, anasema, geti la mwisho halifunguki. Kisha anakata roho. Tulimwamini, maana huku kwetu mtu anayekufa hatumbishii.

Selemane akaniangalia. "Abudo, ubebe wewe. Hiyo ni amana."

Wakuu, neno hilo huku si la mchezo. Mtu akikwambia amana, umeshakula kiapo. Mfuko wangu ulikuwa umejaa takataka, nikaacha mapanga mawili njiani ili muhuri ukae vizuri. Amade alikuwa pembeni anachuna ndizi. Nilijua duka limeanza kuinamia upande wangu, na naye alijua.

Tukaendelea. Tukapita mapango, tukapita mji wa wafu, tukapigana na kitu chenye vichwa vingi ambacho Amade alikitazama chote akiwa kivulini. Hatimaye tukafika kwenye geti. Kubwa, la mawe, limeandikwa maandishi ya moto.

"Haya, toa," Selemane akasema.

Nikafungua mfuko. Mishale, ambayo sijui mbeba ngao alikuwa anabebea nini, ipo. Muhuri haupo.

Nikapekua tena. Haupo.

Sote wawili tukamgeukia Amade. Kweli, hilo ndilo la kwanza tulilofanya. Tukamsubiri aegemee kiti, aseme neno lake.

Amade hakusema kitu. Alikuwa anaangalia skrini kama sisi, uso umekunjika, tena akauliza, "Sasa tutaingiaje?"

Hapo ndipo kosa letu lilipo, na nimelirudia kichwani hadi nimechoka nalo. Mtani akichukua, anasema. Ndiyo raha yenyewe ya utani, hakuna asiyejua. Kwa hiyo mtani akikaa kimya maana yake hajachukua. Tumelelewa hivyo wote watatu. Hakuna aliyemwambia afungue mfuko wake, kwa sababu kumwambia mtani wako fungua mfuko ni kumwita mwizi, na mimi mtoto wa shangazi yake siwezi kulitoa neno hilo mdomoni.

Mwizi wa kikosi, pointi zote kwenye wizi, kitu kimeibiwa, na mtu pekee ambaye hatukumpekua ni mwizi. Sema lolote, mimi ningekuwa ninyi ningetucheka hadi kesho.

"Umeuza," Selemane akaniambia.

Kila tulipofika kwa mfanyabiashara mimi nilikuwa namwagia takataka zote kwa mkupuo, kweli. Nikasema sijauza. Akasema labda hukuangalia. Nikaapa. Akasema, "Pronto," na kwa Selemane hilo neno ni kama kufunga mlango.

Tukarudi nyuma kutafuta. Kila mji, kila mfanyabiashara, tunafungua bidhaa zake moja moja. Na mnajua nani alikuwa anasaidia kutafuta kuliko wote? Amade. Anaingia kwenye maduka kwa kunyata, anapekua masanduku ya watu, anatoka anatikisa kichwa. "Hapa hamna." Hiyo ndiyo stealth mnayoisifia.

Dukani kukabadilika. Zamani Selemane akienda kuswali adhuhuri alikuwa ananitupia funguo. Akaanza kumpa Amade. Kabati ya simu za wateja, ambayo ilikuwa haifungwi tukiwepo, ikawa inafungwa. Hakunitukana, hakunigombeza. Alikuwa ananiambia "asante" kwa kila kitu, kama mgeni.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka kisiwa cha Macaloe, simu imeingia maji ya bahari. Simu za maji ni kazi yangu, watu wote wanajua. Nikanyoosha mkono. Yule mama akaivuta simu kwake, akamwambia Zainabo, "Mwanangu, naomba ukae nayo wewe. Ina picha za marehemu mume wangu."

Nikajua maneno yameshatoka nje ya duka. Nilirudi nyuma ya pazia, nikashika bisibisi, nikakaa tu.

Na yalitoka bila gemu. Gemu lilibaki dukani, kilichotoka ni kwamba Abudo kapewa amana kaipoteza. Mama yangu aliyapata sokoni kwa wauza samaki, yakiwa yameshanenepa. Nafika nyumbani amekaa barazani anachambua dagaa, hanitazami.

"Muhuri wa nani umepoteza?"

"Wa mfalme, mama."

"Mfalme gani?"

Jaribuni ninyi kumweleza mama yenu. Nilimwambia ni wa kwenye kompyuta, hauna uzito, haushikiki. Akaniuliza kama haushikiki uliubebaje. Akasema, "Kitu kidogo au kikubwa, uliambiwa ni amana?" Nikasema ndiyo. Akaendelea na dagaa wake.

Nilikuwa na hasira, wakuu. Sina adui, sina deni, sijaiba, na kwa ajili ya kitu kisichokuwepo duniani nilikuwa naona kimeza kile cha Mtwara kinanisogelea.

Basi. Siku yenyewe ilikuwa baada ya alasiri, Zainabo amekuja nyuma ya pazia kuleta simu ya mteja kutoka Pundanhar, imejaa vumbi la barabara ile hadi spika haisemi. Sisi tupo kwenye pango fulani, bado tunatafuta.

Amade akasema ngoja nitangulie. Akainama, akawa kivuli, akaondoka. Nikamwambia asiende mbali. Akasema, "Binamu, mimi siwezi kuonekana."

Akaonekana.

Walikuwa watatu, wale wenye mashoka. Hata hatukufika. Mwizi wetu, levo ya juu kabisa, stealth imejaa hadi juu, akauawa kwenye kona ya pango peke yake kama kuku. Nilifurahi, sitaficha.

Na kwenye gemu lile mtu wa kikosi akifa, mfuko wake unafunguka. Unaweza kumfufua kwanza, au unaweza kuchukua vitu kwanza.

"Nifufueni," Amade akasema. Alisema haraka mno. "Msiguse kitu, nifufueni tu."

Mimi nilikuwa karibu zaidi. Nikabonyeza mfuko.

Dawa zangu zote zilikuwemo. Vitabu vya uchawi vya Selemane, hata vile alivyodhani amevitumia. Viatu ambavyo hatukujua vimepotea. Na chini kabisa, muhuri wa mfalme.

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Zainabo akaweka simu ya Pundanhar mezani.

Amade akacheka. "Utani jamani, utani huo. Nilikuwa nitasema."

Hakuna aliyemsaidia kucheka. Mimi nikainuka nikamwambia twende.

"Wapi?"

"Kwa shangazi yako."

Maana nilifikiri hivi: nikimpiga, nimekasirikia utani, nimekosea mimi. Nikinyamaza, nimemeza. Mtu pekee wa kukata hili ni mama yangu, ambaye kwake sote ni watoto. Selemane naye akaja, akasema anataka kusikia. Duka likabaki na Zainabo, kama kawaida.

Mama alitusikiliza hadi mwisho. Hakuelewa gemu, wala hakutaka kuelewa. Akamuuliza Amade jambo moja.

"Yale makubazi ya Abudo siku ile msikitini, uliyavaa mbele ya nani?"

"Mbele yake, shangazi. Mbele ya watu wote."

"Na huo muhuri?"

"Huo hakuna aliyeuona, shangazi."

"Wenzio wanautafuta, wewe unatafuta nao?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo nitamsifu kwa kitu kimoja, hakudanganya. Alisema mwanzo alichukua kwa utani kweli, alitaka aseme mbele ya geti. Lakini pale getini aliona Selemane ananigeukia mimi. "Nikaona mambo yananyooka upande wangu," alisema. "Nikasema ngoja kidogo. Kila nikitaka kusema, inakuwa nimechelewa zaidi."

Mama akafuta mikono kwenye kanga.

"Basi usiite utani mwanangu. Utani mimi nimefundishwa, na huo sikufundishwa. Hapo umeiba."

Amade aliomba radhi, kwangu na kwa Selemane. Nikampa mkono kwa sababu mama alikuwa anatazama. Na kichwani kwangu nilikuwa nimeshaanza kupanga kabati ya vioo, meza ya ufundi niigeuze ielekee mlango, kibao cha nje nikipake rangi.

Tukarudi dukani. Selemane akakaa kwenye kiti chake, akatuambia tukae.

"Amade simpi," alisema. "Nadhani hilo liko wazi."

Nikashusha pumzi.

"Na wewe Abudo sikupi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, mano, si umesikia mwenyewe, mimi sikuuza, sikupoteza, niliibiwa.

"Uliibiwa. Tangu mwanzo wa gemu mfuko wako unapungua, na wewe unacheka. Amana nimekupa, umekaa bega kwa bega na mwizi unayemjua kwamba ni mwizi, hukuangalia mfuko hata siku moja hadi tulipofika getini. Mteja akikuachia simu yake, wa kuiiba hatakuwa binamu yako, wala hatakuja kucheka mbele yako."

"Na wewe ulikuwa unacheka," nikamwambia. Sikujizuia.

"Nilikuwa nacheka," Selemane akasema. "Ndiyo maana simwachii mtu yeyote aliyekuwa nyuma ya pazia hili."

Akaita, "Mana Zainabo." Dada yake akafunua pazia. Akampa funguo palepale, mbele yetu.

Nikasema, na huu ni ujinga wangu wa mwisho siku ile, kwamba Zainabo hajui hata kushika pad ya kuchezea.

"Wakati ninyi mnashika pad," Zainabo akajibu, "mimi nilikuwa nauza." Hakusema kwa ubaya. Kulikuwa na mteja anamsubiri mbele, akarudi kwake.

Selemane alihama wiki hiyohiyo, akatupigia simu walipofika Awasse kutukumbusha tuzime feni. Kompyuta aliiacha. Amade naye hakukaa, alisema anakwenda kujaribu Mtwara. Sasa hivi yeye ndiye mwenye kimeza kwenye ukuta wa mtu. Ningependa kuwaambia nilisikitika, na siku nyingine nasikitika. Siku mvua ikinyesha hasa.

Mimi nimebaki fundi wa Zainabo. Kufuli lile kila asubuhi nalifungua mimi, na kila jioni funguo anazichukua yeye. Ananilipa vizuri, hanigombezi, na kila simu inayoingia nyuma ya pazia anaiulizia ilipo. Mwanzo niliona ananidharau. Sasa nami nimeanza kuulizia.

Kompyuta sasa inaflashia simu kwelikweli. Gemu hakulifuta, aliniruhusu Jumapili moja moja.

Juzi Jumapili nikalifungua peke yangu. Nikawa nawaendesha wote watatu, mbeba ngao, mchawi na mwizi, wanafuatana kama mbuzi wa mtu mmoja. Nikawarudisha hadi kwenye geti. Muhuri ninao. Njiani mbeba ngao alikuwa amepanda levo, ana pointi moja ya kutumia.

Kuna ujuzi mmoja kwenye gemu lile unaitwa percepção, uwezo wa kuona vilivyofichwa. Hatukuwahi kuutilia pointi hata mmoja wetu. Nani aweke pointi kwenye macho wakati kuna nguvu, kuna moto, kuna kunyata? Nikaiweka pale. Sijui ni hasira, sijui ni maneno ya Selemane.

Ukuta wa pembeni ya geti ukang'aa mstari mwembamba.

Mlango. Hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama siku ile nikituhumiwa. Hauna kufuli, hauna maandishi ya moto. Nikausogelea, ukaandika: fungua? Basi. Hauhitaji muhuri. Mfalme alisema kweli kuhusu geti, ila mlango hatukumuuliza.

Nilikaa pale na pad mkononi hadi Zainabo akaja kuniambia anafunga.

Kwa hiyo wakuu, somo langu ni hili, na jamaa wa ule uzi alisome mara mbili. Stealth kwenye kikosi haikutuokoa na adui hata mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Adui haikuwapata. Waliopatikana ni wenzake na huyo mwizi. Ukiwa unatengeneza kikosi, kabla hujampa mtu mmoja pointi za kujificha, wape wengine pointi za kuona. Na kama mwizi wenu ni mtani, mwambieni kila anachochukua akichukue akiwa amesimama wima.

Najua mtakuja na mifano yenu, kwamba kwenye gemu fulani mwizi alimchoma boss mgongoni wakashinda. Leteni, nimejiandaa, leo energia ipo na nina muda.

Aliyemaliza gemu hili, ambaye ameshalitambua, asiniandikie kilichopo nyuma ya mlango ule. Sijaufungua. Niliona si haki niingie mwenyewe na wale wawili wakiwa vivuli tu nyuma yangu. Selemane nimempigia, amesema akija Idi ataleta pad yake.

Na wewe Amade, najua una akaunti humu, unasoma kila uzi na hujawahi kukoment hata siku moja. Toka huko uliko, useme neno. Mlango hauna kufuli na mwizi wako bado yupo kwenye kikosi.